Istilahi za Kuitambua Injini Kabla ya Matengenezo

Kabla fundi hajashika spana, hana budi kujua ni injini ipi iliyo mbele yake. Utambuzi huo huanza kwa maneno: namba zilizomo katika kadi ya gari, na majina ya mifumo yaandikwayo katika hati ya kuagiza vipuri. Kwa sababu hiyo unamhusu mfasiri wa vitabu vya maelekezo na mtumishi wa ofisi ya ugavi, kama umhusuvyo fundi.

Kwanza, tutenge namba mbili. Namba ya chasisi hulitambulisha gari lenyewe. Katika magari mengi huwa na tarakimu na herufi 17, bila ya I, O wala Q, ili zisidhaniwe kuwa 1 au 0. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani huwa na namba fupi zaidi. Namba ya injini hupigwa chapa kwenye bloki. Injini yaweza kubadilishwa ilhali chasisi ni ile ile. Hivyo namba yake isomwe kwenye bloki, si katika kadi peke yake.

Pili, tusome jina la aina ya injini. Katika injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, herufi E huonyesha kwamba petroli hunyunyizwa kwa mfumo wa elektroniki. Hapo hakuna kabureta ya kutafutwa. Injini ya 1HZ ni ya dizeli, yenye silinda 6. Haina plagi za cheche, bali ina plagi za kupashia joto. Hati isemayo "plagi 6" bila ya kufafanua haitoshi.

Tatu, na hapa ndipo penye hatari, ni neno mafuta. Katika mazungumzo ya kila siku, mafuta ni petroli au dizeli ichomwayo, na pia ni kilainisho cha vyuma. Taarifa kwamba "pampu ya mafuta imekufa" ina maana mbili. Ikifa ile ya kwanza, gari husimama. Ikifa ya pili, gari laweza kuendelea kwa muda huku vyuma vikisagana, hata injini ikakwama.

Twapendekeza, basi, kwamba katika maandishi ya ufundi mafuta yawe kile kichomwacho, na oili, neno walilo nalo mafundi tayari, liwe la kilainisho: pampu ya mafuta na pampu ya oili, chujio la mafuta na chujio la oili. Naye aandikaye hati ya vipuri aongeze aina na namba ya injini kando ya kila jina.