Chumba Tulivu na Nauli ya Haki: Mwongozo kwa Msafiri Anayelala Kasumulu

Katika nchi ya Wanyakyusa, salamu inayosikika kila mahali ni "Ugonile", ambayo kwa asili yake humuuliza mtu kama amelala salama. Msafiri aliyelala Kasumulu hujua vyema kwamba swali hilo si la adabu tu. Yako majibu mawili, na tofauti kati yake aghalabu huamuliwa katika dakika kumi za jioni iliyotangulia, pale msafiri anapoweka mzigo chini, anatazama bei iliyoandikwa ukutani na kutoa fedha mfukoni.

Kasumulu ni mji mdogo wa mpakani katika Wilaya ya Kyela. Barabara kuu itokayo Uyole, Mbeya, hupanda hadi Tukuyu, huteremka kwenye bonde la Kyela na kuishia hapa penye Mto Songwe. Ng'ambo ya mto ni Malawi. Wanaolala hapa ni madereva wa malori, wafanyabiashara wa mazao na bidhaa ndogondogo, wanafunzi, na watu wanaokwenda kuwaona ndugu zao upande wa pili. Wengi wana bajeti finyu na kazi inayowasubiri asubuhi. Kwao usiku mmoja mbaya ni hasara halisi. Tumeandika makala haya ili kuwasaidia kupima chumba na usafiri kwa pamoja, kwa sababu gharama hizo mbili hazitenganishiki.

Bei ya chumba si gharama ya usiku

Kosa la kwanza tunaloliona ni kulinganisha bei za vyumba peke yake. Gharama ya usiku ni jumla ya mambo matatu: bei ya chumba, nauli ya kukifikia, na nauli ya kutoka hapo asubuhi. Tuchukue mfano wa kukokotoa tu. Tarakimu zake si bei rasmi za mji.

Chumba cha kwanza kiko kando ya barabara kuu, kwa shilingi 15,000, na unakifikia kwa miguu. Cha pili kiko ndani ya mtaa, nyuma ya nyumba za watu, kwa shilingi 20,000, nacho pia hufikiwa kwa miguu. Cha tatu kiko Kyela mjini kwa shilingi 12,000. Ukilipa bodaboda shilingi 4,000 jioni, na shilingi 5,000 alfajiri kwa kuwa vyombo ni vichache saa hizo, chumba hicho cha tatu kimekugharimu shilingi 21,000. Kilichoonekana rahisi kuliko vyote ndicho kilichokuwa ghali kuliko vyote.

Linabaki swali la chumba cha kwanza na cha pili. Hapo unanunua usingizi kwa shilingi 5,000. Kila mmoja atajibu kwa kadiri ya mfuko wake, ila dereva anayetarajia kuzipanda kona za Tukuyu asubuhi asiuone usingizi kuwa anasa. Ni sehemu ya usalama wake na wa wenzake barabarani.

Hesabu hii hugeuka kulingana na uendako. Anayevuka mpaka mapema ana sababu ya kulala Kasumulu. Anayefuata meli katika Bandari ya Kiwira, au anayekwenda Matema kupitia Ipinda, ana sababu ya kulala Kyela mjini. Tafuta chumba upande wa safari ya kesho, usikitafute tu pale basi lilipokushusha.

Kelele za mpakani hutoka wapi

Kelele haionekani mchana. Chumba kilicho kimya saa tisa alasiri chaweza kuwa kama kipo katikati ya karakana saa tano usiku. Ni vyema kujua vyanzo vyake.

Cha kwanza ni malori. Magari ya mizigo yanayosubiri taratibu za forodha hupangwa kando ya barabara. Injini huunguruma, breki za upepo hupumua, na madereva huitana. Cha pili ni baa. Nyumba nyingi za kulala wageni zina baa uani au zimepakana na baa, na spika huelekezwa popote penye wateja. Cha tatu ni mabasi. Tangu mwaka 2023 mabasi yenye kibali yameruhusiwa tena kusafiri usiku, hivyo honi na wapiga debe hawangoji mapambazuko kama zamani. Cha nne ni jenereta, ambayo huwa kimya hadi umeme unapokatika. Cha tano ni mvua. Kyela ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi zaidi nchini, hasa kuanzia Machi hadi Mei, na chumba chenye bati tupu bila dari huwa ngoma inayopigwa usiku kucha.

Ziko pia sauti za maisha ya watu: mkesha wa kanisani, adhana, msiba, harusi. Hizo si kosa la mwenye nyumba, wala si haki kumlaumu kwazo. Hata hivyo ni haki yako kuuliza kama usiku huo kuna shughuli jirani, na ni wajibu wake kukujibu kweli.

Joto na dirisha

Tukuyu mtu hufunga dirisha na kujifunika blanketi. Kyela ni bonde lenye joto na unyevu, na mbu ni wengi. Chumba chenye dirisha zuri linalozuia sauti hakina faida ikiwa utalazimika kulifungua usiku kucha ili upate hewa. Kwa hiyo, katika eneo hili, utulivu wa chumba hutegemea vitu viwili ambavyo wageni wengi huviona vidogo: feni inayofanya kazi na chandarua kisicho na matundu. Vikiwapo, unaweza kufunga dirisha linalotazama barabara. Visipokuwapo, utachagua kati ya jasho na kelele, na mbu atakuwa mshindi katika hali zote mbili.

Washa feni mbele ya mhudumu na uiache izunguke kwa dakika moja. Feni inayogonga ni kelele nyingine uliyoilipia.

Kagua kabla ya kulipa

Tunakushauri ufuate mpangilio huu, hata ukiwa umechoka.

1. Omba kuona chumba chenyewe utakachopewa, si cha mfano. Inatosha kusema kwa upole: "Samahani mama, naomba nikione chumba kabla sijalipa." Mwenye nyumba mwaminifu hatakasirika.

2. Ingia, funga mlango na dirisha, kisha nyamaza kwa dakika mbili. Sikiliza upande wa barabara, upande wa uani na juu ya dari. Katika nyumba nyingi kuta za ndani haziendi hadi kwenye bati, na mazungumzo ya jirani hupita juu yake.

3. Uliza maswali yenye jibu dhahiri. Ukiuliza, "Hapa pametulia?" utajibiwa ndiyo. Uliza badala yake: "Baa hii hufunga saa ngapi? Jenereta iko wapi? Malori huegeshwa upande gani? Basi la kwanza huondoka saa ngapi?"

4. Omba chumba cha nyuma, mbali na lango, mapokezi, ngazi na choo cha pamoja. Mara nyingi bei ni ileile. Wanaokipata ni wale waliokiomba.

5. Kagua kitasa, komeo la ndani, maji na taa. Chumba kimya kisichofungika si chumba salama, hasa kwa anayesafiri peke yake.

6. Kubalianeni bei yote kwa shilingi: kama ni ya chumba au ya mtu, kama chai ya asubuhi imo, na saa ya kutoka. Lipia usiku mmoja kwanza. Ukilala vizuri utaongeza. Dai risiti na uitunze.

7. Jiandikishe katika daftari la wageni kwa taarifa zako za kweli. Daftari hilo, pamoja na risiti, ndilo litakalothibitisha kwamba ulilala hapo iwapo utatokea mgogoro.

Nauli: maneno kabla ya magurudumu

Nauli za mabasi ya abiria hazipangwi na kondakta. Hupangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA, kwa kiwango cha kila kilomita kulingana na daraja la basi. Katika viwango vilivyotangazwa Desemba 2023, basi la daraja la kawaida lilipangiwa shilingi 48.47 kwa abiria kwa kilomita. Maana yake, safari ya kilomita 100 ni takribani shilingi 4,850. Viwango hubadilika, hivyo ulizia kinachotumika siku ya safari yako. Njia ya kukokotoa hubaki ileile. Hakikisha tiketi inaonyesha nauli uliyolipa, tarehe, namba ya gari na mwisho wa safari.

Mwisho wa safari ndipo wengi hupotezea fedha. Ukipandia Mbeya, uliza waziwazi: "Gari hili linafika Kasumulu mpakani, au linaishia Kyela?" Baadhi ya magari huitia abiria mpaka, kisha hukata kuelekea Kyela mjini na kukuacha njia panda, ambapo utalipa bodaboda au bajaji. Vivyo hivyo, jihadhari na anayekuuzia stendi tiketi ya "moja kwa moja" hadi miji ya Malawi. Huduma za namna hiyo zipo, lakini taka kuliona basi lenyewe na ofisi ya kampuni kabla ya kulipa. Vinginevyo lipa hadi mpakani, vuka, kisha lipa upya upande wa pili.

Bodaboda na bajaji ni mapatano. Patana kabla ya kupanda, taja mwisho wa safari na mzigo wako, kisha rudia bei kwa sauti: "Kaka, tumekubaliana elfu mbili, mimi na begi langu, hadi stendi." Muulize kwanza mhudumu wa nyumba ya wageni au muuza duka bei ya kawaida, watu wasio na gari la kukupakia hawana sababu ya kukudanganya. Andaa chenji. Mkiwa wawili au watatu, bajaji ya pamoja aghalabu hugharimu kidogo kuliko pikipiki mbili, tena mvua haiwalowanishi. Usikubali kupakiwa mishikaki ili kuokoa nauli.

Saa mbili na fedha mbili

Malawi iko nyuma yetu kwa saa moja: kwetu ikiwa saa 12 asubuhi, kwao ni saa 11 alfajiri. Simu iliyo karibu na mto yaweza kunasa mtandao wa upande wa pili na kubadili saa bila wewe kujua. Kuna walioamka wakidhani wamewahi, kumbe basi limekwishaondoka. Kabla ya kulala, weka saa ya simu wewe mwenyewe kwa saa za Tanzania na uzime huduma ya mitandao ya nje, ili pia usikatwe salio kwa gharama ya ugenini.

Kuhusu fedha, kanuni za mwaka 2025 zinakataza kutangaza bei au kudai malipo ya bidhaa na huduma nchini kwa fedha za kigeni. Nyumba ya wageni ya upande wetu inapaswa kukutajia bei kwa shilingi. Ukihitaji kwacha, badilisha benki au katika duka lenye leseni. Wabadilishaji wa mkononi huhesabu haraka kuliko jicho lako, na ukipunjwa huna pa kudai.

Ukikosewa

Anza kwa mwenye nyumba au dereva, kwa utulivu, na usiku uleule ikiwezekana. Kelele ya baa jirani ripoti kwa uongozi wa mtaa au afisa mazingira wa halmashauri. Kanuni za kudhibiti kelele na mitetemo za mwaka 2015 zimeweka kiwango cha chini zaidi cha sauti kwa saa za usiku, kuanzia saa 4 usiku hadi saa 12 asubuhi, na Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira ndilo lenye dhamana yake. Nauli iliyozidishwa peleka LATRA, ukiwa na tiketi na namba ya gari. Udanganyifu katika huduma, kama vile kulipishwa bei tofauti na iliyotangazwa, uripoti kwa Tume ya Ushindani, inayosimamia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003. Lalamiko lenye risiti, tarehe na saa husikilizwa haraka kuliko lenye hasira tupu.

Hatudai kwamba mwongozo huu utanyamazisha malori ya Kasumulu. Mpaka ni mahali pa kazi, na kazi ina sauti yake. Lakini dakika mbili za kusikiliza chumbani, maswali manne kwa mhudumu na bei iliyotajwa kabla ya kupanda bodaboda havigharimu hata senti. Ukivifanya, asubuhi atakapokuuliza mtu, "Ugonile?", utakuwa na jibu la kweli la kumpa.