Mgeni Haijui Nyumba Yako: Usalama Katika Nyumba ya Kukodisha Wageni

 

Leo hatuzungumzii ugonjwa mmoja. Tunazungumzia nyumba: ile nyumba ya vyumba viwili au vitatu inayokodishwa wageni wakati wa likizo, hapa Diani, Mtwapa, Watamu au Malindi. Huenda nyumba ni yako. Huenda wewe ni mwangalizi, unafua shuka na kushika funguo. Au huenda wewe ndiwe mgeni, unatoka Nakuru au Nyeri na watoto wako kuja kuiona bahari. Mazungumzo haya ni yenu nyote.

Wazee walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye anataka kurudi kwao mzima, na watoto wake wote.

Je, hatari inatoka wapi? Wewe unajua kwamba mfuniko wa kisima hauketi vizuri. Unajua soketi ya jikoni hupiga shoti. Unajua ile chupa ya soda chini ya sinki imetiwa mafuta ya taa. Mwanao ameambiwa "usiguse hapo" mara mia. Mgeni hajui hata moja kati ya hayo. Anafika usiku, amechoka na safari, na mtoto wake wa miaka miwili anashuka garini na kukimbilia ndani. Ikiwa usalama wa nyumba uko kichwani mwako tu, basi kwa mgeni nyumba hiyo si salama. Kazi yetu leo ni kuyatoa hayo unayoyajua kichwani na kuyaweka nyumbani.

Anza hivi. Siku moja kabla ya wageni kufika, piga magoti na utambae chumba kwa chumba. Utaona anachokiona mtoto: waya unaoning'inia, sumu ya panya nyuma ya kabati, ndoo ya maji bafuni.

Kwanza, maji. Watu wengi hudhani mtoto anayezama atapiga kelele. Mara nyingi hapigi. Huzama kimya, na kwa mtoto mdogo maji kidogo ndani ya ndoo yanatosha kumuua. Kwa hivyo mwaga maji ya ndoo, au funika na kuiweka mahali mtoto hafiki. Kisima na tangi la chini ya ardhi viwe na mfuniko mzito wenye kufuli. Kidimbwi cha kuogelea kizungushiwe ua pande zote nne, wenye kimo cha mita 1.2 au zaidi, na lango linalojifunga lenyewe. Nawe mama mgeni, ua haulei mtoto. Mtoto mdogo akiwa majini, mtu mzima awe karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono, na simu iwe mfukoni.

Mweleze mgeni habari za bahari pia. Maji yakipwa, watu hutembea mbali hadi kwenye miamba, na asiyejua hukuta maji yamejaa nyuma yake. Mwambie saa za kupwa na kujaa.

Mtoto akitolewa majini hapumui, usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Mlaze chali mahali pagumu na uite msaada. Mpulizie pumzi 5 mdomoni. Kisha bonyeza katikati ya kifua mara 30, mpulizie pumzi 2, ubonyeze tena mara 30. Endelea hivyo hadi apumue au msaada ufike.

Pili, moto na moshi. Wageni hupenda kuchoma nyama, na mvua ikinyesha huingiza jiko la makaa ndani. Mama, makaa yanayowaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina harufu wala rangi. Humpa mtu maumivu ya kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na usingizi, na aliyelala huenda asiamke. Jiko libaki nje, hata kama makaa yanaonekana yamekaribia kuzima. Ukiona watu wawili watatu katika chumba kimoja wanaumwa kichwa kwa pamoja, watoe nje haraka wapate hewa safi, kisha uwapeleke hospitali.

Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, kwa hivyo ikivuja hutuama sakafuni. Mtungi ukae nje ya nyumba, na mpira ubadilishwe ukianza kupasuka. Ukisikia harufu, usiwashe wala kuzima taa. Funga mtungi, fungua milango na madirisha, toeni watoto nje.

Na zile grili za kuzuia wezi? Ni nzuri, lakini nyumba ikishika moto zinageuka gereza. Kila chumba cha kulala kinahitaji njia ya pili ya kutokea. Weka grili inayofunguka kwa ndani, na ufunguo wake utundikwe pale ambapo mgeni atauona lakini mkono wa mwizi hautaufikia. Mwonyeshe mgeni siku hiyo hiyo anapofika.

Tatu, sumu. Dawa za hospitali, dawa za kufulia, mafuta ya taa na sumu ya panya, vyote viingie kabati moja la juu lenye kufuli. Usiweke kitu chochote cha sumu katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe, maana yakirudi juu yanaweza kuingia mapafuni. Mpeleke hospitali mara moja, na ubebe ile chupa.

Nne, mbu. Hapa Pwani kuna malaria. Mtoto wa kutoka nyanda za juu hana kinga dhidi yake, na mama mja mzito naye yuko hatarini zaidi. Kila kitanda kiwe na neti yenye dawa isiyotoboka. Na kabla wageni hawajaondoka, waambie neno hili: homa inaweza kuanza wiki moja au zaidi baada ya kuumwa na mbu. Mtoto akipata joto mwilini mkiwa nyumbani, mpelekeni apimwe siku hiyo hiyo, na mseme, "Tumetoka Pwani."

Tano, mlango. Jua funguo ziko ngapi na nani anazo. Ufunguo ukipotea, badilisha kitasa. Chumba cha kulala kiwe na komeo la ndani, na wewe au mlinzi msiingie bila kubisha. Kamera isiwekwe kamwe chumbani wala bafuni. Andika jina la mgeni na nambari ya kitambulisho, na uhifadhi karatasi hizo mahali pa siri. Sheria ya Utalii ya mwaka 2011 inataka nyumba za wageni ziwe na leseni, na nyumba iliyosajiliwa haifichi wahalifu kwa urahisi.

Hapa nitasema wazi. Mtu mzima akileta mtoto asiye wake, mtoto mwenyewe ana hofu au hasemi, usitoe ufunguo kwa sababu ya pesa. Tangu Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006, utalii wa kuwadhulumu watoto kingono ni kosa la jinai, na anayeusaidia pia ana hatia. Piga 116, simu ya kuwasaidia watoto. Haitozwi pesa.

Mwisho, karatasi ukutani. Mgeni akipatwa na shida usiku, anaweza kusema nini? "Niko Diani, karibu na mnazi"? Andika kwa herufi kubwa: jina la nyumba na njia ya kufika ukitoka barabara kuu, nambari yako ya simu, dereva wa karibu anayekubali kuamshwa usiku, kituo cha afya kinachofunguliwa usiku, na hospitali kubwa, kwa mfano Msambweni ukiwa Diani. Kisha 999 au 112 kwa polisi, na 1199 kwa Msalaba Mwekundu. Bandika karibu na mlango.

Mama, mengi ya haya hayana gharama kubwa. Kufuli, mfuniko, karatasi na kalamu. Fanya kabla mgeni hajabisha hodi.

 

Maswali kwa vikundi vya wasikilizaji
1. Ni hatari gani katika nyumba yako ambayo wewe unaijua lakini mgeni hawezi kuijua?
2. Mtoto wa mgeni akiugua saa nane usiku, nani atampeleka hospitali, na kwa gari la nani?
3. Tutafanya nini kijijini tukiona mtoto ameingizwa katika nyumba ya wageni na mtu asiyemjua?