Mantiki ya Msuko na Uhalisia katika Hadithi za Mikasa za Watoto: Kupatwa kwa Jua katika Mashimo ya Mfalme Sulemani

Mhakiki anapoonyesha ufa katika msuko wa hadithi ya mikasa iliyoandikiwa watoto, mara nyingi hujibiwa kwamba watoto hawajali. Jibu hili linachanganya dhana mbili ambazo makala haya yanapendekeza zitenganishwe: uhalisia, yaani ufanani wa ulimwengu wa hadithi na ulimwengu tunamoishi, na mantiki ya msuko, yaani uhusiano wa sababu na tokeo baina ya matukio. Hadithi ya aina hii yaweza kuukosa uhalisia isidhurike. Ikiikosa mantiki, kinachoharibika ni hatari yenyewe, na bila hatari utanzu huu hauna uhai.

Tuchukue ngano ya Sungura aliyewashindanisha Tembo na Kiboko kuvutana kwa kamba, kila mmoja akidhani anavutana na Sungura. Hakuna msikilizaji anayeuliza wanyama hao walijifunzia wapi kusema. Hata hivyo, fanani hodari hasahau kichaka au kilima kinachowatenganisha washindani. Akikisahau, mtoto ndiye atakayeuliza mbona hawakuonana. Kunena kwa wanyama ni sharti la kuingilia ulimwengu wa ngano. Kichaka ndicho kinachoubeba ujanja. Aristotle alikwishaona jambo hili katika Poetics, alipolipa lisilowezekana lakini linaloaminika nafasi ya juu kuliko linalowezekana lakini lisiloaminika.

Mfano mgumu zaidi umo katika King Solomon's Mines ya H. Rider Haggard (1885), ambayo wasomaji wa Kiswahili wameijua kwa jina la Mashimo ya Mfalme Sulemani tangu tafsiri ya mwaka 1929. Mwandishi aliitabaruku kwa wavulana wote, wakubwa kwa wadogo. Katika toleo la kwanza, wasafiri wanawatisha wenyeji kwa kutabiri kupatwa kwa jua, baada ya kupekua kalenda ya nyota waliyokuwa nayo. Tatizo ni kwamba usiku uliotangulia riwaya imekwisha kuuonyesha mwezi mpevu, ilhali jua haliwezi kupatwa ila mwezi unapokaribia kuandama. Mtoto wa Lamu au Pemba aliyezoea kuhesabu siku za mwezi akiingoja Ramadhani hahitaji elimu ya falaki ili aushuku mkinzano huu. Isitoshe, kiza cha Haggard kinadumu kupita kiasi. Jua likipatwa lote, giza kamili halizidi dakika 7 na nusu hivi mahali pamoja. Katika matoleo ya baadaye mwandishi alibadilisha tukio hilo likawa kupatwa kwa mwezi, jambo linalowezekana usiku wa mwezi mpevu tu.

Je, marekebisho hayo yalikuwa ya lazima? Riwaya hiyo hiyo ina hazina ya kale na mchawi wa kike mwenye umri usiokadirika, na hatudai vithibitishwe. Tofauti ni kwamba wasafiri wanaokolewa na hesabu. Hadithi yenyewe ndiyo iliyoita maumbile kuwa shahidi. Shahidi huyo akiwa mwongo, ushindi wao unageuka kuwa zawadi ya mwandishi. (Kwamba elimu ya kalenda inapewa wageni peke yao, na wenyeji wanaonyeshwa kama watu wasiopata kulitazama anga lao, ni kasoro nyingine, tena nzito zaidi; kubadilisha jua kwa mwezi hakukuigusa.)

Robert Louis Stevenson alilielewa suala hili kama fundi. Katika insha yake ya mwaka 1894 kuhusu Treasure Island, anaeleza kwamba riwaya hiyo ilizaliwa kutokana na ramani aliyoichora, na kwamba ramani hiyo ilipopotea njiani kwenda kwa mchapishaji ilimbidi achore nyingine kwa kuyafuata maandishi. Maharamia wake ni wa kubuni kabisa, lakini umbali kutoka ngomeni hadi ufukweni haubadiliki kwa sababu tu mhusika yumo hatarini.

Kwa mhariri wa miswada ya watoto, basi, swali la kwanza lisiwe iwapo tukio fulani laweza kutokea. Aulize ni kitu gani kilichomwokoa mhusika, kisha arudi nyuma kurasa kadhaa kutazama kama kitu hicho kilikuwapo.