Mfarishi Ulionyooka: Kupima Miraba Mikubwa ya Viraka Busia na Malaba

Miji ya Busia na Malaba imegawanywa na mpaka, lakini majina yake hayakugawanywa. Upande wa Kenya kuna Busia na upande wa Uganda kuna Busia. Malaba nayo ni vivyo hivyo. Tangu Februari 2018, kituo cha pamoja cha mpakani kilipozinduliwa rasmi Busia na marais wa nchi zote mbili, msafiri na mzigo wake hukaguliwa mahali pamoja badala ya kusimama mara mbili. Miongoni mwa bidhaa zivukazo mpaka huo kila siku, katika malori makubwa na hata juu ya vichwa vya akina mama, ni nguo: vitenge, leso, mashuka na mitumba.

Penye nguo pana fundi, na penye fundi pana masalio. Kila gauni la kitenge likatwapo huacha vipande vya kwapa, vya shingo na vya pindo, vidogo mno kwa vazi jingine. Kwa mama mwenye cherehani na subira, vipande hivyo ni mali. Huviunga vikawa miraba, akaiunga miraba ikawa mfarishi wa kutandika kitandani, na mfarishi akauuza kwa bi harusi au kwa mwenye kutafuta zawadi. Mtaji wake ni uzi, pasi na wakati.

Hata hivyo mfarishi mwingi mzuri hukosa mnunuzi kwa sababu moja. Ukitandikwa haukai. Katikati umevimba, ukingo mmoja umekunjamana, na pembe moja imeshuka kuliko nyingine. Mnunuzi hajui kasoro iko wapi; ajualo ni kwamba jicho lake halikuridhika. Kazi ya majuma mengi huenda kwa bei ya kutupa, na mshonaji hudhani kwamba kosa ni la mishono yake. Aghalabu mishono haina kosa. Kosa lilitokea kabla ya hapo, pale miraba ilipounganishwa bila kwanza kupimwa na kunyooshwa. Katika makala haya tunaeleza jinsi ya kulikinga.

Kipimo cha mkono na kipimo cha tepu

Wazee wetu wa pwani waliijua njia ya kwenda huko. Katika karne ya 19 misafara ya wafanyabiashara Waswahili na Waarabu ilifika Mumias, makao ya Nabongo Mumia, ambako si mbali na Busia ya leo. Na hiyo ni sababu mojawapo ya Uislamu kuwa na mizizi mirefu katika sehemu hizo. Katika mizigo yao nguo zilikuwa na nafasi kubwa, hasa merikani na kaniki. Nguo hizo zilipimwa kwa mkono, yaani kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, kiasi cha nusu yadi. Mikono 4 ilifanya shuka, na mikono 8 ilifanya doti. Neno hilo la mwisho tunalo hadi leo tununuapo leso.

Udhaifu wa kipimo hicho ni dhahiri: mikono ya watu hailingani. Mshonaji wa leo anadhani ameepukana na udhaifu huo kwa kuwa ana tepu, lakini umemfuata. Tepu ya kitambaa au ya plastiki hurefuka kwa kuvutwa miaka mingi, na kipande chake cha mwanzo hulika. Upande mmoja una inchi na mwingine una sentimita, na aliye na haraka huchanganya. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuilaza tepu kando ya rula ya chuma na kuilinganisha. Ikiwa imepungua au imezidi hata kwa milimita 3, istaafishwe.

Kwa nini mraba mkubwa huwa mgumu

Mraba mdogo wa kiganja hauleti tabu. Rula ya mwanafunzi huuenea kutoka ukingo hadi ukingo. Mraba mkubwa hauenei. Mshonaji hulazimika kuisogeza rula mara mbili au tatu, na kila inaposogezwa mstari hupinda kidogo. Zaidi ya hayo, mraba mkubwa umeundwa kwa vipande vingi, na kila mshono huleta tofauti yake.

Tuchukue mfano wa mfarishi wenye miraba 16, minne kwa minne, kila mmoja sentimita 60. Upana wake unapasa kuwa sentimita 240. Tuseme miraba ya safu ya kwanza imezidi kwa nusu sentimita kila mmoja, na ya safu ya pili imepungua kwa kiasi hicho hicho. Safu ya kwanza itakuwa na sentimita 242, na ya pili 238. Nusu sentimita ambayo hakuna aliyeiona imegeuka kuwa sentimita 4, na sentimita 4 haziwezi kufichwa. Mshonaji atavuta safu fupi au atakunja safu ndefu, na hapo ndipo uvimbe na mikunjo huzaliwa.

Unyoofu huanza kwenye uzi

Kila kitambaa kilichofumwa kina nyuzi za aina mbili: mtande, unaokwenda kwa urefu, na mshindio, unaoukata mtande kwa upana. Kitambaa kikatwapo kwa kufuata nyuzi hizo hutulia. Kikatwapo mshazari hunyumbuka kama mpira, na ukingo wake hurefuka hata kwa uzito wa pasi.

Wengi hudanganywa na mchapo. Leso zetu ni mfano mzuri: pindo lake huonekana kama mstari ulionyooka, lakini mara nyingi mchapo huo umepotoka ukilinganishwa na uzi. Vitenge navyo ni hivyo hivyo. Dawa yake ni nyepesi. Chomoa uzi mmoja kutoka ukingo hadi ukingo. Mwanya mwembamba utakaobaki ndio mstari wa kweli. Kata hapo.

Kabla ya kukata, fua kitambaa kwanza ili wanga wa kiwandani utoke na kisinyae mapema, si baada ya kuuzwa. Kisha pasi ishuke na kuinuliwa, wala isiburutwe, kwa maana kuburuta huvuta nyuzi na kuupinda mraba ambao ulikuwa umenyooka. Acha mraba upoe juu ya meza kabla ya kuupima.

Kona kwa kona

Sasa tunafika kwenye shina la jambo. Wengi hupima pande nne, wakaziona ziko sawa, wakasema huu ni mraba. Si lazima. Umbo linaweza kuwa na pande nne zilizo sawa kabisa na bado likawa limelala upande, kama fremu ya dirisha iliyosukumwa. Pande hazitatoa siri hiyo. Itakayoitoa ni milalo, yaani mistari miwili inayokwenda kona kwa kona. Seremala akiunda fremu ya mlango hupima hivyo, na mshonaji afanye vivyo hivyo. Pande zikiwa sawa na milalo ikiwa sawa, huo ni mraba bila shaka.

Kwa mraba utakaobaki na sentimita 60 baada ya kushonwa, tunaacha sentimita 1 ya mshono kila upande, kwa hiyo tunakata sentimita 62. Ulalo wa mraba wa sentimita 62 ni sentimita 87.7. Kwa kipimo kingine chochote, zidisha upande kwa 1.414 upate ulalo wake. Na kuna faida nyingine: mraba ulioinama kwa sentimita 1 huonyesha tofauti ya karibu sentimita 1.4 kati ya milalo yake miwili. Kasoro ndogo hukuzwa, jicho likaiona.

Asiye na rula kubwa atengeneze kiolezo. Kibao chembamba cha plaiwudi chafaa zaidi kuliko katoni, ambayo kingo zake hulika upesi. Ili kupata pembe ya kweli, tumia kanuni ya waashi wanapotandaza kamba za msingi: kutoka konani weka alama kwenye sentimita 30 upande mmoja, na kwenye sentimita 40 upande wa pili, umbali kati ya alama hizo lazima uwe sentimita 50 kamili. Asiye na kibao achukue gazeti, alikunje mara moja apate mstari ulionyooka, kisha aukunje mstari huo juu yake wenyewe. Kona itakayopatikana ni pembemraba, na yatosha kuhakikisha kila kona ya kazi yake. Juu ya kiolezo chora milalo yote miwili na mistari miwili ya katikati, tutaihitaji.

Kukata, si kuvuta

Ukimaliza kushona miraba yote, ipime kabla ya kukata hata mmoja. Utafute ulio mdogo kuliko yote, na kipimo cha huo kiwe kipimo cha yote. Hapa ndipo nafsi hushindana na mkono. Mshonaji huona hasara kukata ukingo wa miraba mikubwa, akaona afadhali auvute ule mdogo uwafikie wenziwe. Lakini kitambaa kilichovutwa hakikubali. Kinavumilia tu mpaka siku ya kufuliwa, kisha hurudi kwenye asili yake na mfarishi wote ukajikunja. Vipande vyembamba vilivyokatwa ni hasara ya shilingi chache. Mfarishi uliorudishwa ni hasara ya mfarishi na ya jina. Ikiwa mraba mdogo umepungua mno, usiwaadhibu wote kwa ajili yake: ushonee ukanda pande zote nne, kisha uukate upya.

Kata hivi. Kunja mraba mara mbili, ubonyeze kidogo upate alama za katikati, kisha uukunjue juu ya meza imara, si juu ya mkeka. Laza kiolezo juu yake, mistari ya katikati ikutane na alama hizo. Usianze kwa kulinganisha ukingo mmoja, kwa sababu ziada yote itaangukia upande wa pili na pambo la katikati litahama. Ziada igawanywe sawasawa pande zote nne. Chora kwa chaki, kata pande mbili zinazokutana, geuza mraba bila kuuvuta, linganisha tena, kisha kata mbili zilizobaki. Ikiwa ukingo wowote uko mshazari, pitisha mshono mmoja karibu na ukingo huo uufunge usirefuke. Mwisho pima milalo. Tofauti isizidi milimita 3.

Ifahamike pia kwamba mraba si faradhi ya kila mfarishi. Wasiddi wa Karnataka, huko India, ambao ni wazao wa Waafrika waliovushwa Bahari ya Hindi, hushona mfarishi uitwao kawandi. Mshonaji huanza ukingoni, akazunguka kuelekea katikati, akiongeza vipande kadiri vinavyomjia mkononi, na pembeni huweka vipande vilivyokunjwa vya pembetatu. Kazi hiyo ina uzuri wake na nidhamu yake. Lakini aliyechagua miraba amemwahidi mnunuzi miraba, na ahadi ni deni.

Kazi ya wengi, kipimo kimoja

Mkazo wa mwisho ni kwa wanaoshona kwa vikundi. Mmoja hushonea Malaba, mwingine Busia, pengine wa tatu yuko ng'ambo ya mpaka kwa ukwe wake, na miraba hukutanishwa siku ya mwisho. Kila mmoja akitumia tepu yake, tumerudi kwenye mikono ya misafara. Kikundi kiwe na kiolezo kimoja cha asili, na vingine vyote vikatwe kwa kufuata hicho, si kwa kufuata nakala ya nakala. Waafikiane pia juu ya upana wa mshono, maana miraba iliyokatwa sawa hutofautiana ikishonwa kwa mishono isiyo sawa. Na vyema mtu mmoja akabidhiwe kazi ya kupima milalo ya miraba yote kabla haijaunganishwa.

Ndugu wasomaji, dini yetu haikulifanya jambo la vipimo kuwa dogo. Sura nzima ya Qur'ani, Al-Mutaffifin, imeanza kwa kuwaonya wapunjao katika kupima. Na katika Sahihi Muslim imepokewa habari ya Mtume, rehema na amani zimshukie, alipopita kwenye rundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani, akakuta unyevu uliofichwa chini ya kikavu, akamkemea mwenye mali na kujitenga na kila adanganyaye. Mraba uliovutwa ukaonekana sawa ni unyevu chini ya kikavu. Mnunuzi hataujua siku ya kununua. Ataujua siku ya kufua, naye mshonaji hatakuwapo kujieleza.

Basi tuwafundishe binti zetu, na wana wetu wanaojifunza ufundi, wapime kona kwa kona wakati ambapo hakuna anayewatazama. Riziki itokanayo na mfarishi ulionyooka huenda ikachelewa kwa saa chache za kupima, lakini huja safi, na mnunuzi hurejea. Wabillahi tawfiq.