Tindikali ikimwagika: Maji ni ya majeruhi, kemikali iacheni

Lori la kemikali likipinduka au pipa likipasuka, wengi wetu hukimbilia maji. Moto tunauzima kwa maji, uchafu tunauosha kwa maji, hata mtu akizirai tunamnyunyizia maji. Lakini zipo kemikali ambazo zikiguswa na maji hutokota, hurusha matone na kutoa ukungu unaochoma macho na mapafu. Inayojulikana zaidi ni asidi ya salfuriki, moja ya zile tunazoziita tindikali. Mtu mwenye nia njema akiimwagia ndoo ya maji anaweza kujiumiza mwenyewe na kuwaumiza waliosimama karibu naye.

Wakazi wa Horohoro, wilayani Mkinga mkoani Tanga, wana sababu ya kulijua jambo hili vizuri. Hapo ndipo Tanzania inapopakana na Lunga Lunga, Kaunti ya Kwale nchini Kenya, na hapo hupita barabara inayounganisha bandari mbili, Mombasa na Tanga. Tangu kipande cha kilomita 65 kati ya Tanga na Horohoro kiwekwe lami kwa msaada wa Shirika la Changamoto za Milenia la Marekani, safari imekuwa rahisi kwa mabasi na malori. Penye mpaka malori husimama kusubiri ukaguzi, na penye malori yaliyosimama hukusanyika watu: mama lishe, bodaboda, wabadilisha fedha, makuli na abiria wanaovuka. Shehena hatari ikivuja mahali kama hapo, watu wa kwanza kufika watakuwa raia wa kawaida, kabla ya askari yeyote wa Zimamoto.

Mfano wa kusikitisha upo katika eneo jingine la wasemaji wa Kiswahili. Februari 2019, karibu na kijiji cha Kabwe, mkoani Lualaba nchini Kongo, lori lililokuwa likipeleka asidi kwenye mgodi wa Mutanda liligongana na basi la abiria. Asidi iliwamwagikia watu na takriban 20 walipoteza maisha. Migodi ya shaba na kobalti ya ukanda huo hutumia asidi ya salfuriki kuyeyusha madini kutoka kwenye mawe, kwa hiyo magari ya kuibeba ni jambo la kila siku. Nasi tunao msiba wetu. Agosti 10 mwaka huohuo, Msamvu mjini Morogoro, zaidi ya watu 100 walikufa baada ya lori la petroli kupinduka na watu kulikimbilia kuchota mafuta. Kemikali zilikuwa tofauti, lakini tabia ya kulisogelea gari lililopinduka ni ileile.

Kwa nini maji huleta balaa

Asidi ya salfuriki ya viwandani huwa kali hadi asilimia 98, maana yake ina maji kidogo mno. Inapokutana na maji huyavuta kwa nguvu, na muungano huo hutoa joto jingi kwa mara moja. Watu wa pwani wanaochoma chokaa wameliona jambo la namna hiyo kwa macho yao: chokaa hai ikimwagiwa maji hutokota bila kuwekewa moto.

Uzito nao unachangia. Lita moja ya maji ina kilo moja, ilhali lita moja ya asidi hiyo ina takriban kilo 1.84. Ukiimwagia maji kidogo, maji hubaki juu, hupata joto lote pale yanapokutana na asidi na kuchemka ghafla. Yanaporuka, huruka pamoja na asidi. Ndiyo sababu wanafunzi wa kemia hufundishwa kumimina asidi taratibu ndani ya maji mengi, na kamwe wasimimine maji ndani ya asidi. Ikiwa imetulia ardhini bila joto, asidi ya salfuriki haitoi mvuke mwingi. Ni joto linaloinua ukungu wake na kuupeleka kwenye vifua vya watu.

Hatari nyingine imejificha ndani ya tangi. Asidi kali sana huweza kuhifadhiwa kwenye tangi la chuma bila kulila haraka. Maji yakiingia ndani, asidi hupungua ukali, na hapo ndipo huanza kukishambulia chuma kwa kasi na kutoa gesi ya haidrojeni. Gesi hiyo huwaka na kulipuka kwa cheche ndogo tu. Kwa hiyo yule anayepenyeza mpira wa maji kwenye tundu la tangi linalovuja anatengeneza bomu bila kujua.

Dunia iliona nguvu ya maji mahali pasipotakiwa usiku wa Desemba 2 kuamkia 3, mwaka 1984, mjini Bhopal nchini India. Maji yaliingia ndani ya tangi la kemikali ya kutengenezea viuatilifu kwenye kiwanda cha Union Carbide. Joto na mgandamizo vilipanda, gesi ya sumu ikatoka na kuua maelfu ya watu. Kemikali ile haikuwa asidi, lakini nayo hufanya vurugu ikikutana na maji.

Isome hatari ukiwa mbali

Gari linalofuata taratibu za kimataifa hubeba alama zinazosomeka kwa mbali. Kemikali zinazobabua zina alama ya mraba uliosimama kwa pembe, nusu nyeupe na nusu nyeusi, yenye picha ya kimiminika kinachodondokea mkono na chuma. Huenda pia kukawa na kibao cha rangi ya machungwa chenye namba mbili. Namba ya chini, yenye tarakimu nne, ndiyo jina la kemikali hiyo duniani kote: 1830 ni asidi ya salfuriki kali, na 1831 ni ile inayofuka moshi. Namba ya juu hueleza hatari yake, na tarakimu 8 maana yake inababua. Ikitanguliwa na herufi X, kemikali hiyo ni hatari sana ikiguswa na maji. Lakini herufi hiyo ikikosekana usidhani umepewa ruhusa ya kumwaga maji: asidi yenye namba 1830 haina X, na bado hutokota.

Ukiona umwagikaji, ondoka na uwaondoe wengine. Mwongozo wa kimataifa wa waokoaji unataka watu wakae angalau mita 50 kila upande kwa kemikali ya aina hii iliyo kimiminika. Tangi likishika moto, umbali uwe mita 800. Simama upande unakotoka upepo. Mtu wa Mkinga anajua kwamba kaskazi na kusi havivumi kutoka upande mmoja, basi tazama vumbi au moshi unaelekea wapi kabla ya kuchagua pa kukimbilia. Epuka mabonde na mitaro, maana mvuke wa kemikali nyingi ni mzito kuliko hewa na hutuama chini. Usiikanyage wala usiishike, hata kama inaonekana kama maji ya kawaida.

Kisha piga simu namba 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112. Kwa upande wa Lunga Lunga, piga 999 au 112. Taja mahali, namba ulizozisoma, idadi ya waliojeruhiwa na upepo unakoelekea. Kama dereva anaweza kuzungumza, muulize amebeba nini na nyaraka za mzigo ziko wapi.

Kazi ya kudhibiti kemikali waachieni wenye mavazi ya kinga. Wao huziba uvujaji na kuizungushia tuta la mchanga au udongo mkavu ili isiingie kwenye mitaro. Ikiwa ni unga au chenga, huifunika kwa turubali, hasa masika na vuli, kwa kuwa mvua nayo ni maji. Maranda ya mbao hayafai kwa asidi kali, maana huyababua na kuyapasha moto. Mwishoni huipooza taratibu kwa chokaa au magadi, bidhaa inayovunwa kwa wingi katika Ziwa Magadi nchini Kenya. Hata magadi yakitiwa kwa pupa hutoa joto na povu, ndiyo maana kazi hiyo inahitaji fundi. Moto mkubwa ukitokea, Zimamoto hutumia maji mengi mno kwa wakati mmoja na kwa mpangilio. Ndoo tano za majirani haziwezi kufanya kazi hiyo.

Mwili ukimwagikiwa

Hapa kanuni inageuka, na hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Asidi iliyo kwenye ngozi ya mtu inahitaji maji, mengi na ya haraka. Iliyo mwilini ni kidogo ikilinganishwa na iliyo barabarani, na maji yanayotiririka mfululizo huipunguza ukali, huiondoa na kulichukua joto lake palepale. Maji machache ya kulowanisha kitambaa ndiyo yenye madhara, kwa sababu huisambaza asidi bila kuiondoa.

Mtoe majeruhi mahali pa hatari iwapo unaweza kufanya hivyo bila kuikanyaga kemikali, nawe uvae glavu au mifuko ya plastiki mikononi. Mvue haraka nguo, viatu, saa na vito vilivyolowa. Nguo isivutwe kupitia kichwani, ikatwe. Asiachwe na nguo iliyolowa kwa sababu ya haya: kama ni mwanamke, wanawake wenzake wamzungushie khanga kumsitiri huku wengine wakimmwagia maji. Kama ni unga, ukung'utwe kwanza ukiwa mkavu, ndipo maji yafuate.

Mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika zisizopungua 20. Jicho lifunguliwe kwa vidole, na kichwa kiinamishwe upande wa jicho lililoumia ili maji yasiingie kwenye lile zima. Usipake dawa ya meno, asali, yai wala mafuta. Usijaribu kuipooza asidi mwilini kwa magadi, wala kuipooza kostiki, ile ya kutengenezea sabuni, kwa limau, maana joto la kupoozana huko litaongeza kidonda. Aliyemeza asitapishwe, kwa sababu kemikali ikipanda itaunguza koo mara ya pili. Aliyevuta mvuke apelekwe penye hewa safi na akae kitako. Wote wafikishwe hospitali, hata wanaojisikia nafuu, kwa kuwa kidonda cha kemikali huendelea kuchimba na mapafu huweza kujaa maji saa kadhaa baadaye.

Kutoka Horohoro hadi Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo, jijini Tanga, ni safari ya zaidi ya kilomita 60. Dakika 20 za kuosha zikamilike pale mpakani kabla ya safari kuanza. Jicho lililosubiri hadi Bombo linaweza kupofuka, ilhali madumu ya maji yaliyokuwa kwenye kibanda cha jirani yangeliokoa.

Hatari ipo hata nyumbani

Maji ya betri yanayouzwa gereji ni asidi ya salfuriki iliyopunguzwa, na bado hutoboa nguo na kujeruhi macho. Kostiki wanayotumia watengenezaji wadogo wa sabuni si asidi, lakini nayo hutoa joto kali ikitiwa maji. Kwenye jicho ni hatari kuliko asidi nyingi, kwa kuwa hupenya ndani haraka zaidi. Tia kostiki kidogo kidogo kwenye maji baridi, usifanye kinyume chake, na usiihifadhi kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa ambayo mtoto ataifungua kwa kiu.

Sheria tunazo. Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003 inaipa Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali jukumu la kusajili wanaoshughulika na kemikali na kudhibiti usafirishaji wake. Lakini sheria haiwezi kumfungua mtu macho na kumwoshea dakika 20. Mazoezi ya dharura mpakani yawahusishe bodaboda, mama lishe na walimu, si maofisa peke yao, na yafanywe kwa pamoja na wenzetu wa Lunga Lunga, kwani upepo na Mto Umba unaovuka mpaka havisimami kugongewa muhuri. Pembeni ya maegesho ya malori pawekwe bomba au matangi ya maji yenye maandishi makubwa: KWA KUOSHA MAJERUHI TU. Halmashauri, mamlaka za mpaka na wamiliki wa malori wanaweza kuligharimia jambo hili, na walifanye kabla ya ajali kutokea.