Picha Imefika Ulaya. Je, Pesa Yako Itafika Jericho?

Mteja wetu mmoja wa Jericho alitupigia simu mwendo wa saa mbili usiku na swali la kawaida kabisa: je, anaweza kulipa euro 650 Ulaya akitumia simu yake? Tukamwambia inawezekana, kwa kadi ya mtandaoni iliyounganishwa na akaunti yake. Halafu mwenzetu aliyekuwa kwenye laini akamuuliza, kwa udadisi tu, ananunua nini.

"Sinunui kitu," akasema. "Nimechaguliwa nionyeshe picha zangu huko."

Mwenzetu akanyamaza kidogo. "Sasa hapo, muuzaji ni nani?"

Tumeamua kuandika makala haya kwa sababu ya swali hilo. Jamaa mwenyewe ametukubalia tusimulie kisa chake, mradi tusimtaje jina. Kwa miaka minne amekuwa akipiga picha milango ya nyumba za zamani za kaunti: Jericho, Maringo, Bahati, Mbotela. Ni milango tu. Rangi ya samawati juu ya kijani juu ya rangi ambayo hata wenyeji hawaikumbuki, namba ya nyumba iliyoandikwa kwa brashi, jina la mtoto lililochorwa kwa msumari. Tumeziona picha hizo na, kusema ukweli, ni moto.

Barua pepe aliyotumiwa ilimpongeza. Ilisema kazi yake imechaguliwa miongoni mwa nyingi na itaonyeshwa katika galari moja Ulaya, bora tu alipe "ada ya ushiriki" ndani ya saa 48. Kwa hesabu ya haraka ya euro moja kwa shilingi 150, hiyo ni shilingi 97,500. Yeye alikuwa na 57,500. Zilizobaki, 40,000, mamake alikuwa ameshaziomba kwenye chama.

Hakulipa. Lakini alikuwa karibu sana kulipa, na hatumcheki. Ukikaa miaka minne ukipiga picha bila mtu kukuuliza bei, barua ya kwanza inayokuita msanii inakulainisha.

Mitaa hii na galari za nje

Ukweli ni kwamba picha na kazi za sanaa za Eastlands kuvuka bahari si ndoto. Mohamed Amin, ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 ziliutikisa ulimwengu mzima, alizaliwa Eastleigh mwaka 1943. Mwaka 1997, mpiga picha Lana Wong na kijana wa Mathare aitwaye Francis Kimanzi waliwapa watoto wa huko kamera za plastiki za bei ya chini kupitia shirika la michezo la MYSA. Ndiyo, ni yule yule Kimanzi aliyekuja kuwa kocha wa Harambee Stars. Watoto wakapiga picha nyumba zao, majirani zao na mechi zao. Mradi ukaitwa Shootback, kitabu kikatoka mwaka 1999, na picha za Mathare zikatundikwa kwenye kuta za nchi ambazo wapiga picha wenyewe hawakuwa wamewahi kukanyaga.

Cyrus Kabiru alikulia karibu na Korogocho, mkabala na jaa la taka la Dandora. Anaunda miwani kwa vyuma na vitu vilivyotupwa, kisha anapigwa picha akiwa ameivaa, na picha hizo zimekuwa kazi za sanaa zenyewe. Mwaka 2015 kazi yake ilikuwa kwenye maonyesho ya Making Africa katika jumba la Vitra Design Museum, Ujerumani, na maonyesho hayo yakaendelea kuzunguka miji mingine. Mwaka 2022 kikundi cha Wajukuu kutoka Mukuru, Lunga Lunga, kilialikwa kwenye documenta mjini Kassel na kurudi na tuzo ya Arnold Bode.

Kwa hivyo njia ipo. Tofauti ni kwamba wengi wa hao walikuwa na shirika, galari ya kuwawakilisha au waandaaji wakubwa waliobeba shughuli za makaratasi. Mpiga picha anayejitegemea, ambaye ofisi yake ni laptopu na simu, anazungusha maonyesho yake mwenyewe kupitia galari ndogo: chumba kimoja kando ya mkahawa, ukumbi wa wasanii watano waliochanga kodi. Hao hawana idara ya fedha. Mara nyingi mtu anayekuandikia mkataba ndiye huyo huyo anayepiga misumari ukutani. Ni watu wazuri, lakini yale usiyowauliza mapema wanayaamua wao wenyewe baadaye.

Hesabu ya picha moja

Tuchukue mfano. Picha yako imeuzwa euro 400. Kichwani umeshapata shilingi 60,000 na umeshazitumia.

Galari nyingi huchukua kamisheni ya hadi asilimia 50. Hiyo si wizi. Wao ndio wenye ukuta, wateja na bili ya umeme. Kwa hivyo zinabaki euro 200. Fremu iligharimu 60 na galari inakudai wewe, zinabaki 140. Benki yao inatoza ya kutuma, na benki ya katikati inamega yake njiani. Tuseme jumla ni 25. Zinafika 115. Halafu kiwango ulichoona kwenye intaneti ni 150, lakini benki yako inanunua euro kwa 145. Mkononi unapata shilingi 16,675.

Soma tena namba hiyo polepole. Hakuna mtu aliyekuibia hapo, na bado ni chini ya theluthi ya ile 60,000.

Sasa angalia mambo mawili ambayo ungeweza kuyabadilisha kwa barua pepe moja kabla picha haijatundikwa. La kwanza, fremu inakatwa lini? Ikitolewa kwanza kabla ya kamisheni, mnagawana 340 na wewe unapata 170 badala ya 140. Hizo euro 30 ni shilingi 4,500, kwa kila picha. La pili, pesa zinatumwa mara ngapi? Picha tano zikiuzwa na galari ikatuma mara tano, makato ya benki ni 125. Ikingoja ikatuma zote pamoja mwisho wa maonyesho, ni 25. Lakini usiwaachie kauli ya "tutatuma tukimaliza". Andikeni siku, kwa mfano siku 30 baada ya maonyesho kufungwa, na muandike pia kwamba picha inabaki mali yako mpaka uwe umelipwa. Galari ndogo hufungwa, na ikifungwa hutaki picha zako zihesabiwe kama mali yao.

Kuna suala lingine la makato ambalo watu wengi hawalijui. Anayetuma pesa kwa benki kutoka nje kwa kawaida huulizwa gharama zitabebwa na nani: yeye, wewe, au mgawane. Kwenye fomu utaona herufi OUR, BEN au SHA. OUR ni yeye anabeba. BEN ni wewe. SHA mnagawana, na ndiyo wengi huchagua bila kufikiria. Omba OUR. Wakikataa, angalau unajua mapema.

Simu au benki?

Tungependa kukuambia upitishe kila kitu kwetu, si unajua kazi yetu. Lakini tuwe wakweli. Pesa za picha moja au mbili zikitumwa moja kwa moja kwa simu ni haraka na mara nyingi ni nafuu kuliko benki. M-Pesa ilipoanza Machi 2007 ilikuwa ya kutuma nyumbani. Leo pesa kutoka nchi nyingi zinaingia kwenye simu yako ukiwa kwenye matatu ya Jogoo Road. Tatizo ni vikomo. Kwa M-Pesa, muamala mmoja haupiti shilingi 250,000 na salio halipiti 500,000. Maonyesho yakienda vizuri sana, pesa hizo zielekeze benki.

Na kuna programu za kutuma pesa ambazo ni za familia na marafiki tu. Masharti yake hayaruhusu malipo ya biashara. Galari ikizitumia kukulipa, muamala unaweza kuzuiwa na mkaanza kuulizwa maswali. Waambie waulize huduma yao kwanza, na waandike sababu ya malipo ilivyo: mauzo ya picha.

Jambo linalotuletea simu nyingi zaidi, hata hivyo, ni jina. Mtaani unaitwa jina moja, kwenye Instagram jina la pili, kwenye kitambulisho la tatu. Galari itakulipa kwa jina lililo kwenye mkataba, na pesa kutoka nje hulinganishwa na jina la usajili wa laini au akaunti. Yasipolingana, pesa hazipotei, lakini zinakwama au zinarudi zilikotoka, na makato ya safari hiyo hurudishiwi. Jina la kisanii liweke ukutani kando ya picha. Kwenye mkataba andika majina kama yalivyo kwenye kipande.

Wakora nao wana galari

Turudi kwa ile euro 650. Ni vizuri kusema kwamba kulipia ukumbi peke yake si utapeli. Kuna wasanii wanaokodi chumba kihalali na kugawana gharama. Lakini galari inayoishi kwa kuuza picha itakuomba picha, na inayoishi kwa ada itakuomba ada. Hiyo ya pili haina haja ya kuuza hata moja, maana imeshalipwa na wewe. Kwa hivyo kabla ya kutuma, tafuta jengo lenyewe kwenye ramani. Waandikie wasanii wawili walioonyesha hapo mwaka uliopita, si wale galari imekupa, bali uliowatafuta mwenyewe. Na ukipewa saa 48, jiulize ni kwa nini ukuta una haraka hivyo.

Ule mtego mwingine ni mbaya zaidi kwa sababu unaanza kwa furaha. Mnunuzi wa ng'ambo anapenda picha yako, habishani bei, na anatuma hundi au malipo ya kadi yaliyozidi. Picha ni 40,000, yeye analipa 110,000. "Samahani, hizo nyingine mpe msafirishaji wangu," anasema, na anakupa namba ya simu ya huku huku Kenya. Unaona salio limesoma, unatuma 70,000 kwa "msafirishaji". Wiki mbili baadaye hundi inakataliwa au kadi inabainika ni ya wizi, na benki inarudisha 110,000 zote. Zile 70,000 ulizotuma zilikuwa zako. Na kwa kuwa ulizituma wewe mwenyewe na PIN yako, kuzirudisha ni vigumu mno. Ukitupigia baada ya siku tatu, kwa kawaida akaunti iliyopokea imeshatolewa kila kitu. Ukishtuka, piga simu dakika hiyo hiyo, hata kabla hujamwambia mkeo.

Mnunuzi wa kweli hulipa bei iliyoandikwa. Na usafiri analipia mwenyewe, au unakuwa ndani ya bei. Hakuna sababu hata moja ya pesa za msafirishaji kupitia kwenye simu yako.

Baadaye huyu jamaa wa milango alipata galari halisi, tatu, zote ndogo, moja Ujerumani na mbili Uholanzi. Hawakumwomba hata senti. Aliwatumia mafaili badala ya kubeba picha zenyewe, zikachapishwa huko huko, na hivyo akakwepa gharama ya ndege na ushuru wa forodha. Kila picha ina nakala 10 tu, zenye namba, na mkataba unasema maonyesho yakiisha zile ambazo hazikuuzwa zinaenda galari inayofuata kwa gharama ya ile inayotuma. Hicho kipengele ni chake mwenyewe, hatukumfundisha. Malipo ya galari ya kwanza yalikwama karibu wiki saba, kwa sababu aliandika jina la kisanii kwenye mkataba. Alitupigia tena, safari hii akiwa na hasira, na tulistahili kidogo: siku ile ya kwanza tulimwambia kuhusu ada, hatukumwambia kuhusu jina.

Zile 40,000 za mamake hazikuwahi kutoka kwenye chama. Sasa anataka kuonyesha milango hiyo Kaloleni Social Hall, kiingilio bure. Mama mmoja wa Maringo ameshaagiza picha ya mlango wake mwenyewe, nyumba aliyozaliwa. Walibishana bei kwa muda, wakakubaliana 500, na pesa ikaingia kabla hajamaliza kufunga begi la kamera.