Wanyama Waeleao kama Viashiria vya Mikondo ya Bahari

Katika Kiswahili, kuelea si kuogelea: aogeleaye hujichagulia njia, ilhali aeleaye huchukuliwa na maji. Tofauti hiyo ndiyo imfanyayo mnyama aeleaye kuwa kiashiria cha mkondo. Katika miaka ya 1930, F. S. Russell wa maabara ya Plymouth, Uingereza, alionyesha kuwa Sagitta elegans, mnyama mdogo mwenye umbo la mshale, huandamana na maji yaliyochanganyika na yale ya Atlantiki. Sagitta setosa huandamana na maji ya Mlangobahari wa Uingereza. Mnamo 1930 hivi, setosa alianza kushika nafasi ya elegans. Katika mwongo huo uvuvi wa heringi wa Plymouth nao ukafifia. Hivyo, mithili ya fonimu, kila kiashiria hupata maana kwa kupambanuliwa na mwenziwe.